Mwanahistoria hana maabara, fedha za utafiti anazipeleka wapi?

Msimu wa ruzuku unapofika, swali hili halikosekani kwenye vikao. Wenzetu wa uhandisi na sayansi wanaleta maandiko ya kuomba fedha yenye bei za mashine na kemikali, kila kitu kina ankara. Sisi wa historia, isimu, fasihi na sosholojia tunaleta nauli na posho, na mtu anauliza kama kweli huo ni utafiti. Nimetathmini maandiko ya aina hii kwa miaka mingi, na naona swali hilo limetudhuru. Limetufanya tuone haya kuomba vitu viwili ambavyo kazi yetu haiendi bila hivyo: muda na watu.

Chukulia Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 kwa fedha za Sida, shirika la misaada la serikali ya Sweden. Tangu sensa ya 1967, serikali haikuuliza tena watu kabila zao, na sababu za kisiasa zinaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba hapakuwa na hesabu ya kuaminika ya nani anazungumza lugha gani na wapi. Watafiti, wakiwemo Henry Muzale na Josephat Rugemalira, walisaka taarifa hizo na kuandika kamusi na sarufi za lugha ambazo nyingi hazikuwa na maandishi ya maana. Mwaka 2009 ikatoka Atlasi ya Lugha za Tanzania, yenye lugha zipatazo 150. Fedha nyingi za kazi ya namna hiyo huishia kwa watu: wa kwenda, wa kuuliza, wa kusikiliza, kisha wa kukaa mezani kulinganisha. Ningekuwa na uwezo, kila mjumbe wa kamati ya fedha angeifungua atlasi hiyo kabla hajakata mstari wa posho.

Maana posho hizo zina kazi. Mhadhiri anayetaka kukusanya simulizi kijijini haanzi kijijini. Anaanza na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa nyingine ya kwenda wilayani, wilayani wanamwandikia Mtendaji wa Kata, wa kata anamwelekeza kwa Mtendaji wa Kijiji, naye anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Ofisi moja mhusika yuko semina, nyingine mhuri umefungiwa kabatini. Utaratibu huo unawalinda wanavijiji na siupingi, ila unakula siku, na siku hizo mtu anakula na kulala. Andiko linalosema “ukusanyaji data, siku 10” bila kutenga siku za vibali litakwama, na mtathmini aliyewahi kwenda uwandani analijua hilo akisoma ukurasa wa kwanza wa bajeti.

Kisha kuna masurufu, yaani fedha za safari ambazo mtafiti hupewa mapema na kutakiwa kuzitolea hesabu. Mtafiti amepanda bodaboda kutoka barabara kuu hadi kwa mzee anayekumbuka kilimo cha mkonge enzi za wakoloni, na dereva wa bodaboda hana mashine ya EFD ya kutoa risiti. Mhasibu naye anataka risiti ili masurufu yafungwe. Chuo kikitaka kweli utafiti huu ufanyike, kiweke fomu fupi ya malipo madogo ambayo mlipwaji anatia saini au dole gumba, na fomu hiyo ikubalike kwa wakaguzi. Nimeona watafiti wazuri wakiacha kuomba fedha kwa sababu ya jambo hili tu.

Mstari ninaoutetea kuliko yote ni wa kunukuu sauti. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa huchukua zaidi ya saa nne kuandikwa neno kwa neno, na wazungumzaji wakiwa wengi au lugha ikiwa ndogo, muda huongezeka mno. Msaidizi wa utafiti anayeifanya kazi hiyo mara nyingi ndiye anayeijua lugha kuliko mtafiti mkuu. Alipwe inavyostahili, na jina lake lionekane kwenye chapisho akiridhia.

Muda wa mhadhiri mwenyewe ni mgumu zaidi kuupata. Mwenye darasa la mamia ya wanafunzi, na mitihani yao ya kusahihisha, hawezi kuandika kitabu usiku peke yake. Ndiyo maana naithamini sana African Humanities Program iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ikihudumia Tanzania, Uganda, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Ilimlipia msomi mwaka wa kukaa na andiko lake mbali na ufundishaji. Bila nafasi ya namna hiyo mhadhiri huvutwa na kazi za ushauri, ambazo swali lake limetungwa na mteja na ripoti yake hufungiwa ofisini kwa mteja.

Milango ipo, ingawa si mingi. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ina mfuko wake wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi na teknolojia. CODESRIA iko Dakar tangu 1973 na OSSREA Addis Ababa tangu 1980, zote taasisi za kuendeleza utafiti wa sayansi za jamii Afrika. Lakini kwa msomi anayeanza, namshauri aanze na ruzuku ndogo za ndani ya chuo chake. Fedha kidogo zinatosha kusoma majalada ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na kufanya mahojiano ya majaribio, na andiko linalofuata linakuwa na ushahidi mkononi.

Na kwenye bajeti hiyo hiyo, hata ikiwa ndogo, iwekwe safari ya kurudi: nauli ya kupeleka matokeo kijijini, nakala za kamusi kwa shule ya msingi ya pale, rekodi ya babu kwa wajukuu wake. Wafadhili wengi huulizia jambo hili siku hizi, na mstari huo ukikosekana mimi hupunguza alama.