Je, wajua kwa nini bandari ya Pangani ilipitwa na Tanga?

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa na kila sababu ya kuendelea kukua. Misafara ya pembe za ndovu kutoka bara iliishia hapo, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa na vinu vya kuikamua. Kazi hiyo ngumu ilifanywa na watumwa, na sukari ikapelekwa Unguja kwa majahazi.

Jibu linalotolewa haraka ni vita. Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko, aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mji ukaadhibiwa, biashara ikafa. Hadithi inanyooka vizuri, kasoro yake ni kwamba vita hivyohivyo viliifikia Dar es Salaam, ambayo 1891 ikafanywa makao makuu ya koloni. Bagamoyo nayo ilipigwa, na ikadidimia. Kama vita ndiyo sababu, mbona mmoja ukapanda na mwingine ukashuka? Tazama kina cha maji: Dar es Salaam ina bandari ya asili yenye kina na kinga, Bagamoyo ufuko wake ni wa maji mafupi. Pangani ina tatizo la namna yake, nalo linaletwa na mto wenyewe.

Mto ni kama mchukuzi ambaye nguvu zake zote zimo katika mwendo. Akienda kasi hubeba mizigo mizito. Akipunguza mwendo humponyoka, mizito kwanza. Mto Pangani hutoka huko Kilimanjaro na Meru ukiwa umebeba mchanga na tope. Ukifika mlangoni hukutana na bahari, kasi inakatika, mchanga unatua. Tope jepesi huendelea kidogo. Kisha mawimbi huusukuma mchanga kurudi pwani, na kati ya misukumo hiyo miwili fungu linainuka na kubaki, ingawa umbo lake hubadilika.

Kwa jahazi hilo si kikwazo kikubwa: nahodha husubiri maji yajae ndipo avuke, na hata chombo kikipwelewa ndani ya mto hukaa tu matopeni. Meli ya stima haiwezi. Inazama zaidi majini, ina ratiba, na tumbo lake si la kukalia mchanga. Ikatia nanga nje kwenye mawimbi, shehena ikavushwa kwa mashua.

Tusiitukuze Tanga kupita kiasi. Huko pia kwa miongo mingi shehena ilipakuliwa kwa matishari, yaani mashua kubwa bapa za kubebea mizigo. Tofauti ni kwamba meli ziliingia ndani ya ghuba tulivu, bila fungu la kuvuka. Wajerumani wakaanza kujenga reli hapo 1893. Ilipofika Korogwe, 1902, ilikuwa imeufikia mto uleule wa Pangani, kwa hiyo mizigo ya bonde lake sasa ilikuwa na njia nyingine ya kwenda baharini.

La ajabu zaidi ni katani. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Husimuliwa pia kwamba ilifichwa katika tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni kisa kitamu, ila miche iliyoagizwa Florida haikuhitaji kufichwa. Zao hilo lilipoenea likawa mhimili wa uchumi wa nchi, na bandari iliyojulikana kwa kulisafirisha ikawa Tanga.