Kwa nini konyeza aliyekufa bado anawasha?

Konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, akitupwa ufukweni na mawimbi hulala pale hadi jua limkaushe nusu. Mtoto akimwokota, mkono unawaka vilevile. Mnyama amekufa, na hata alipokuwa hai hakuwa na ubongo. Sasa nani anauma?

Hakuna anayeuma. Minyiri yake imejaa maelfu ya vifuko vyembamba kuliko unywele, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye tundu, na sumu yake. Vipimo vilivyofanywa kwa haidra, jamaa yake mdogo wa maji yasiyo na chumvi, vinaonyesha shinikizo la takriban bar 150 ndani ya kifuko. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kitu. Kikiguswa, kifuniko kinaachia na ncha ya uzi inafyatuka kwa nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Huo ni mtego, na mtegaji akifa mtego haujitegui.

Ukoo mzima una mtego huu, matumbawe yakiwemo. Mengi hayawezi kutoboa ngozi yetu, lakini Millepora, ya rangi ya haradali, huwaunguza wazamiaji wanaoyashika (kwa haki, si tumbawe halisi, ingawa hujenga mwamba kama wenzake). Wa ajabu zaidi ni Cassiopea, konyeza anayelala chali kwenye maji matulivu ya mikoko na majani ya bahari. Huyu humwaga ute wenye vidonge vya seli za kuwasha, vilivyoelezwa na wanasayansi mwaka 2020. Ndiyo maana mtu huwashwa pale bila kugusa chochote.

Ukishaelewa mtego, huduma ya kwanza inajieleza. Sumu iliyoingia imeshaingia. Kazi yako ni kuzuia vifuko vilivyobaki kwenye ngozi visifyatuke. Kusugua kwa mchanga au taulo kunavibonyeza. Maji ya bomba yana chumvi kidogo kuliko bahari, na badiliko hilo peke yake linatosha kuvifyatua. Mkojo hauna msaada wowote, hata ukisikia wangapi wameponea.

Toka majini, tulia, suuza kwa maji ya bahari, kisha nyanyua mabaki ya minyiri kwa kibano au mkono wenye glavu. Usiyakwangue. Kwa konyeza wa umbo la sanduku, mimina siki ya dukani (asidi ya asetiki asilimia 4 hadi 6) kwa sekunde 30 au zaidi: inavifunga vifuko ambavyo bado havijafyatuka, ila haipunguzi maumivu. Physalia, mwenye puto la buluu linaloelea na nyuzi ndefu, ni habari nyingine. Miongozo ya Australia, ambako watu wengi huumwa naye, haishauri siki kwake. Hutumia maji ya bahari, kisha maji ya moto.

Moto kiasi gani? Nyuzi 45 za selsiasi, kwa dakika 20. Bila kipimajoto, mtu ambaye hakuumwa atie mkono wake kwanza: yawe moto wa kuvumilika. Aliyeumwa asijipimie mwenyewe, kwani maumivu yanamdanganya na ataungua. Ongeza maji ya moto kila yanapopoa.

Pumzi ikibana, kifua kikiuma, mtu akitapika, au akiwa ameumwa jichoni au sehemu kubwa ya mwili, msisubiri dakika hizo ziishe. Hospitali kwanza, hasa kwa mtoto.

Wavuvi waangalie nyavu. Vipande vya minyiri vilivyokaukia kwenye matundu vinaweza kukaa siku nyingi vikiwa bado vimetegwa, na vikilowa tena kwa jasho la kiganja, vinafyatuka.