Mafuta ya kula: tunayoamini na yaliyo kweli

Mwaka 2022 mafuta yalipopanda bei, mtaani kwetu lawama zote zilimwangukia mwenye duka. Alikuwa akipima kidogo kidogo kutoka dumu moja, na kila aliyeingia alimuuliza ameficha wapi mengine. Hakuwa ameficha. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Februari mwaka ule Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo hutoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani. Wanunuzi wakakimbilia mawese. Tarehe 28 Aprili Indonesia, inayoongoza kwa mawese, ikazuia kuyauza nje hadi 23 Mei ili wananchi wake wapate kwanza. Yule muuza duka wetu angefanya nini?

"Lakini alizeti si tunayo Singida?" Tunayo, na viwanda vipo. Kinachopungua ni alizeti yenyewe. Baada ya mavuno mashine hukamua usiku na mchana, kisha mzigo unakwisha na mitambo inakaa kimya miezi kadhaa. Mimi naona kufungua kiwanda kingine kabla mkulima hajapata mbegu bora ni kugawana uhaba uleule.

Wengine hukataa mafuta yaliyoganda asubuhi ya baridi, wakidai yana lehemu (kolesteroli). Mafuta ya mimea hayana lehemu ya kuhesabika. Mawese huganda kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda upesi, na kwa sababu hiyohiyo ni vyema kuyatumia kwa kiasi.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba tukiyasusa mawese misitu itapona. Misitu ya Sumatra na Borneo, visiwa vya Asia, imekatwa kweli kupanda michikichi inayotoa mawese, na inauma. Ila hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa ya hekta ya alizeti. Ukihamia zao jingine bila kupunguza ulaji, utahitaji ardhi kubwa zaidi. La kuuliza ni shamba limefunguliwa wapi. Kigoma michikichi ipo tangu zamani, mingi ikiwa ya kokwa nene na nyama kidogo. Miche ya Tenera, aina chotara ya mchikichi yenye kokwa ya ganda jembamba na nyama tele, inaweza kuongeza mafuta kwenye mashamba yaleyale bila kugusa msitu. Inataka subira tu: mche wa leo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi.