Tenda za Iraq: nani alitakiwa kula faida?

Kila tukienda kutoa semina za manunuzi ya umma, hakosi mtu wa kuuliza: nchi ikishapigwa mabomu ikabaki vifusi, nani apewe kazi ya kuijenga? Mi huwa nawapeleka Iraq moja kwa moja, maana kule karibu kila kosa tunalolikataza kwenye semina lilifanyika na ripoti zake zipo.

Tarehe 5 Desemba 2003 Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, alisaini waraka unaosema mikataba mikuu 26, jumla dola bilioni 18.6, itagombewa na kampuni za Marekani, za Iraq na za nchi zilizounga mkono vita vya Marekani kuivamia Iraq mwaka huo basi. Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Canada nje. Uganda na Rwanda ndani, maana walikuwa kwenye orodha ya waungaji mkono, ingawa sijui ni mkandarasi gani wa Kampala alikuwa anapasha misuli aende kujenga Baghdad. Basi kelele zikawa kelele, Washington wanasema waliotoa roho zao ndio wapewe kula, wenzao Ulaya wanaulizia sheria za biashara za dunia, na ukiwasikiliza vizuri ni kama wageni wanagombania minofu msibani huku mfiwa kakaa hapo hapo anawatazama.

Kwanza pesa yenyewe ya nani? Zile bilioni 18 sawa, zilitoka kwa walipakodi wa Marekani. Ila kulikuwa na Mfuko wa Maendeleo ya Iraq, uliotambuliwa na Umoja wa Mataifa Mei 2003, na humo kulikuwa na pesa za mauzo ya mafuta ya Wairaq wenyewe. Januari 2005 mkaguzi maalum wa Marekani, Stuart Bowen, akatoa ripoti kwamba kama dola bilioni 8.8 za mfuko huo zilipelekwa kwenye wizara za Iraq bila usimamizi wa maana.

Sasa njoo kwenye petroli. KBR, iliyokuwa kampuni tanzu ya Halliburton (ndiyo, ile aliyoiongoza Dick Cheney kabla hajawa makamu wa rais), ilipewa kazi ya mafuta bila zabuni ya ushindani. Ikaleta petroli kutoka Kuwait kwa dola 2.27 galoni moja, wakati ya Uturuki ilikuwa 1.18. Wakaguzi wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, wakasema bei imezidishwa kwa jumla ya hadi dola milioni 61, kampuni ikakana. Na sehemu kubwa ya mkataba ule ililipwa na ule mfuko, yaani Mwiraq anauza mafuta yake halafu pesa hiyo hiyo inamlipa Mmarekani amletee petroli nyumbani kwake! Jumla ya gharama walizohoji wakaguzi kwenye mkataba huo ikafika milioni 263, na mwaka 2006 jeshi la Marekani likaamua kulipa karibu zote, likakata kama milioni 10 hivi.

Inawezekanaje? Mkataba. Chukua fundi anayekujengea nyumba, ukamwambia nunua saruji bei yoyote nitakurudishia, halafu juu ya gharama nakupa asilimia yako. Huyo fundi atahangaika kutafuta duka la bei rahisi? Thubutu. Ndivyo ulivyokuwa mkataba wa KBR, gharama zote zinarudi na asilimia inawekwa juu.

Ila msikimbilie kusema basi wenyeji wapewe kila kitu yaishe. Chuo cha polisi Baghdad, kazi ya dola milioni 75 chini ya kampuni ya Parsons, mabomba walifunga wakandarasi wadogo wa Kiiraq, na wakaguzi walipofika 2006 walikuta mkojo na kinyesi vinavuja kutoka vyoo vya juu, vinadondoka kwenye taa za dari za chini, chumba kimoja wenyewe wakakibatiza msitu wa mvua. Mwenyeji alikuwepo, lakini yuko mwisho wa mnyororo, juu yake kila mtu kashakata chake na msimamizi haendi saiti kwa kuogopa mabomu.

Kwa hiyo jibu langu kwenye semina ni lile lile, mwenyeji aanze, lakini apewe mkataba yeye mwenyewe, bei ifungwe mapema, karatasi zibandikwe watu wasome, na anayekula faida awe mtu ambaye bomba likipasuka unajua nyumbani kwake ni wapi.

Na ile nafasi ya Uganda kwenye orodha? Kilichoonekana mitaani Kampala ni ajira za ulinzi, maelfu ya vijana wakaenda kusimama na bunduki kwenye mageti ya kambi za Wamarekani, na kadri kampuni za kupeleka watu zilivyozidi kushindana, mishahara yao ikawa inashuka.