Kabla Hujaamini Utafiti wa Mahojiano Katika Huduma za Afya

Msomaji akikuta utafiti wa afya uliohoji watu 18, mara nyingi huuliza kwanza: mbona wachache hivyo? Swali hilo lina mahali pake, ila si la kuanzia. Utafiti wa aina hii, uitwao wa kimaelezo kwa kuwa hutumia maneno ya watu badala ya takwimu, haulengi kusema ni asilimia ngapi ya wagonjwa wanaacha dawa. Unalenga kueleza kwa nini wanaziacha na wanafikaje kwenye uamuzi huo. Mwaka 1985 wataalamu wa mbinu za utafiti Yvonna Lincoln na Egon Guba walipendekeza vigezo vinne ambavyo bado vinatumika: kusadikika kwa matokeo, uwezekano wa kuyatumia kwingine, uthabiti wa utaratibu, na ushahidi kwamba yametoka kwenye data, si kwenye matakwa ya mtafiti.

Fungua sehemu ya mbinu uone washiriki walipatikanaje. Kuteua watu kwa makusudi ni halali, mradi sababu zitajwe. Lakini utafiti kuhusu walioacha matibabu uliohoji watu waliokutwa kliniki umewakosa walengwa wake, kwa kuwa walioacha hawapo pale. Tazama pia wangapi walikataa kushiriki, na kwa nini.

Sasa idadi. Watafiti wengi huendelea kuhoji hadi mahojiano mapya yasilete tena jambo jipya. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mambo ilikwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Wengi wameigeuza 12 kuwa kanuni, na hilo ni kosa. Wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Utafiti unaochanganya wagonjwa, wauguzi na wasimamizi una makundi matatu, na kila kundi linahitaji watu wa kutosha. Kazi nyingine ya mwaka 2017 ilikuta mahojiano 9 yanatosha kuyasikia masuala yaliyopo, lakini kuyaelewa kwa kina kulihitaji kati ya 16 na 24. Ripoti inayosema tu kwamba "hapakuwa na jipya tena", bila kueleza hilo lilijulikanaje, usiipokee hivihivi.

Nani aliuliza? Muuguzi akimhoji mgonjwa anayemhudumia kuhusu ubora wa huduma, atasikia sifa. Mgonjwa atarudi kwake kesho. Ndiyo maana COREQ, orodha ya mwaka 2007 ya mambo 32 ya kuripoti katika utafiti wa mahojiano, inaanza na watafiti wenyewe: taaluma, mafunzo, na uhusiano wao na washiriki. Orodha hiyo ni mwongozo wa kuandika ripoti. Ukihesabu vipengele vilivyotimizwa na kuvigeuza alama za ubora utapotoka, kwa sababu ripoti inaweza kuvitimiza vyote na uchambuzi wake ukabaki wa juujuu.

Kwenye matokeo ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Soma kila nukuu, kisha jiulize kama kweli inasema kile ambacho mtafiti anadai. Angalia namba za wasemaji: Mshiriki wa 4 akitokea kila ukurasa, wengine walisema nini? Angalia pia mada, yaani mawazo makuu ambayo mtafiti ameyapanga kutoka kwenye mahojiano. Mada inayoitwa "Mawasiliano" ni kichwa cha swali tu. Mada iliyochambuliwa hutoa hoja, kwa mfano: "wagonjwa hunyamaza wakihofia kukaripiwa." Tafuta pia wale waliokwenda kinyume na wenzao. Mtafiti makini huwaonyesha na kueleza kwa nini wametofautiana. Pasipo hata mmoja, kuna uwezekano data imechujwa ikubaliane na wazo la awali.

Kuwarudishia washiriki matokeo wayathibitishe kunasaidia, ila si muhuri wa ukweli. Mtu anaweza kuitikia kwa kumheshimu daktari tu. Chenye uzito zaidi ni kumbukumbu za uamuzi: misimbo (majina mafupi ambayo wachambuzi huvipa vipande vya mahojiano) ilibadilika lini, wachambuzi walitofautiana wapi, na walikubaliana vipi.

Ukiwa na tafiti kadhaa na unataka kuzitumia kuamua sera, tumia GRADE-CERQual, utaratibu wa kupima kiasi cha kuyaamini matokeo ya tafiti za kimaelezo zilizokusanywa pamoja. Kila tokeo hupimwa kwa mambo manne: kasoro za mbinu, jinsi data inavyolibeba tokeo hilo, utoshelevu wa data, na jinsi mazingira ya tafiti yanavyohusiana na swali lako. Kisha hupewa kiwango cha imani: cha juu, cha kati, cha chini au cha chini sana. Kiwango huandikwa kwa kila tokeo peke yake, kwa sababu tafiti zilezile zinaweza kulibeba moja vizuri na jingine vibaya.