Pigeni stori bwana, sio mdomo unaofukuza samaki

Naandika hii mara moja nisirudie tena. Kila nikipeleka watu kuvua kwenye mabwawa ya huku Mufindi lazima atokee mmoja wa kuwanyamazisha wenzake, "shhh, samaki watakimbia", basi watoto wanakaa kama wako msibani, shemeji katoka Iringa mjini na umbea wote wa harusi anaumeza, ikifika saa saba watu wanasinzia halafu wanasema uvuvi unaboa. Lazima uboe! Utamu wa kushinda bwawani nusu yake ni hizo stori.

Sauti ya mdomo wako inasafiri hewani, ikigusa maji karibu yote inarudi juu, zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake haiingii. Perege aliyeko chini mita mbili umbea wa harusi haumhusu.

Kinachomhusu ni miguu yako. Na hapa ndo napandwa na hasira, kwa sababu huyohuyo anayesema shhh ndo ananyanyuka na gambuti zake, puu puu puu mpaka ukingoni, anabwaga ndoo chini, anakanyaga ubao unaoingia majini, halafu ananong'ona kuniuliza mbona hawali. Mtikisiko wa ardhi hauhangaiki na hewa kaka, unapita kwenye udongo unaingia majini moja kwa moja, na humo sauti inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Samaki ana ule mstari wa ubavuni, kwa perege umekatika vipande viwili, mwangalie vizuri kabla hujamparua, kazi yake ni kuhisi maji yakisukumwa. Kwahiyo ongea unavyotaka ila tembea kama unamnyatia kuku.

Kingine ni kivuli na kusimamasimama. Mwanga ukiingia majini unapinda, kwahiyo samaki anaiona nje yote kupitia duara moja juu ya kichwa chake, ukisimama wima unaingia kwenye hilo duara, ukikaa chini nyuma kidogo ya ukingo anakuona kwa shida sana. Trauti wa kwenye vijito ndo balaa zaidi, ila yeye anaelekeza kichwa mkondo unakotoka, mfuate kwa nyuma.

Halafu mwezi wa sita na wa saba mnalaumu kelele kumbe ni baridi. Perege ni samaki wa maji ya joto, bwawa likipoa analegea, anaacha kula. Sasa mtu ananiamsha saa kumi na moja alfajiri, ukungu huoni hata boya, eti ndo muda wa samaki. Ziwani kwenye joto, sawa, ila huku kipindi hicho njooni saa nne jua limeshapiga maji, mmeshakunywa chai, minyoo imechimbwa, na mchana jiko la mkaa liwepo. Trauti yeye baridi ndo kwao, usimchanganye na perege.

Nisiwadanganye, kambale ananitia wasiwasi. Ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, anasikia kuliko perege, na kuna siku nimevua kambale na watu wakimya mambo yakaenda vizuri sana. Ni ukimya au ni kwa sababu mtu mkimya pia hatembeitembei? Sijaweza kuvitenganisha. Kwenye mtumbwi napo, mfano bwawa la Mtera, kasia likigonga ubavu wa mtumbwi hiyo kelele iko majini tayari, hapo hata mimi nakuwa mkali.

Na spika ya bluetooth, maana mnauliza kila mara: itundike mtini, usiiweke juu ya ubao wala gogo lililoingia majini. Besi punguza, hiyo ni kwa ajili yangu.