Nia si kile kilichokupitia moyoni

Katika msiba mmoja huko Tanga nililisikia neno "nia" mara mbili ndani ya saa moja, na mara zote mbili halikuwa mahali pake. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika mama yetu mkubwa. Wifi yangu, aliyemuuguza mavyaa yake miaka miwili, akimwosha na kumgeuza kitandani, alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Usiku mmoja mgonjwa akilia kwa maumivu, alijisemea kimoyomoyo: bora afe apumzike, nami nipumzike. "Nilimnuia kifo," akaniambia.

Nilipotoka ukumbini nikamkuta mjomba, aliyekabidhiwa michango ya matibabu, anaeleza kwa nini fedha hazikufika hospitali. Alizizungusha kwanza kwenye duka lake ili azirudishe zikiwa zimezaa. "Nia yangu ilikuwa njema, na Mungu anaijua." Wazee wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba nia njema ni tabibu.

Maana yenyewe haichukui muda. Wazo hukujia. Nia unaiweka wewe. Tendo ni kile kinachotoka kwako kikawafikia wengine, na jukumu ni kuyabeba yaliyotokana na tendo hilo, au na kutotenda pale ulipopaswa kutenda. Nadhani kila aliyekuwa msibani angeyasema haya kama angeulizwa siku ya kawaida. Kinachotupotosha ni neno nia, ambalo tumelifanya gunia la kutilia kila kitu cha moyoni.

Nia imetoka katika Kiarabu, niyya, na herufi za mzizi wake ndizo pia za neno la kokwa ya tende. Kokwa hukaa ndani ya tunda. Wanachuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, wameifasiri nia kwa maneno machache: kulikusudia jambo sambamba na kulitenda. Ndiyo maana anayeswali huleta nia yake pamoja na takbira ya kwanza, ile "Allahu Akbar" ya kuanzia swala, si wakati anatandika mswala. Saumu ya Ramadhani imeruhusiwa nia yake itangulie usiku, kwa kuwa ni taabu kuivizia alfajiri. Ama kusudio lililotangulia tu, bila tendo, wamelipa jina jingine: azma. Neno hilo nasi tunalo, tena tunalitumia vizuri, ila kwenye udhuru hatulitumii. Sijawahi kumsikia mtu akijitetea kwamba azma yake ilikuwa njema. Ukisema azma, msikilizaji anabaki na haki ya kuuliza: kisha ukafanya nini?

Chini ya azma kuna ngazi nyingine, na hapa ndipo ninapotamani tungekuwa waangalifu zaidi. Wanachuoni walizihesabu tano. Kuna hajisi, kinachozuka na kutoweka papo hapo. Kuna khatiri, kinachozuka kikakaa kidogo. Kuna hadithi ya nafsi, pale mtu anapojadiliana na moyo wake, nifanye au nisifanye. Kisha hamu, moyo ukiwa umeelemea upande mmoja, na mwisho azma. Tazama yaliyoyapata maneno haya yalipovuka bahari. Hadithi kwetu ni masimulizi. Hamu ni shauku, hata ya kula embe. Wasiwasi, ambao katika Kiarabu ni mnong'ono, ule tunaoomba kukingwa nao katika Sura ya Nas, kwetu umekuwa hofu. Tumeyapokea maneno bila ngazi zake, na sasa kitu cha nukta moja na kitu cha miaka kumi vyote vinaitwa nia.

Kwa ngazi tatu za mwanzo mtu haulizwi. Ipo hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Abu Huraira na imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wa Mtume yale yanayozungumzwa na nafsi zao maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Hamu ya uovu iliyoachwa haiandikwi kuwa dhambi. Kwenye azma ndipo wanachuoni wanapobishana, na wengi wao wanasema mtu huulizwa.

Jirani zangu Wakristo hunikumbusha Mathayo 5:28, kwamba amtazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni mwake. Ni aya nzito na siipunguzi. Lakini isomwe polepole: atazamaye kwa kumtamani. Huyo hakupitiwa na kitu njiani. Amesimama akakielekezea jicho.

Sheria za nchi zimefika karibu na hapo kwa njia yake. Ulpianus, mwanasheria wa Kirumi, aliandika kwamba hakuna anayeadhibiwa kwa kuwaza, na kauli hiyo ikahifadhiwa katika Digesta, mkusanyo wa maandiko ya wanasheria uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 380, haimhesabu mtu kuwa amejaribu kutenda kosa mpaka aanze kuitekeleza nia yake na kuidhihirisha kwa tendo la wazi. Kula njama ni kosa hata kabla jambo lenyewe halijafanyika, lakini njama haziliwi na mtu mmoja; kukubaliana na mwenzako ni tendo tayari. Kifungu cha 10 ndicho ambacho ningependa kisomwe mara nyingi zaidi. Kinasema sababu iliyomsukuma mtu kutenda haiathiri dhima yake ya jinai, isipokuwa pale sheria iliposema vingine. Aliyeiba ili amlishe mgonjwa ameiba. Hakimu anaweza kumhurumia kwenye adhabu. Hawezi kusema hakuiba.

Kuhusu jukumu nitasema machache. Neno hili tumelipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nalo lilikuwa la biashara: hatari ya mali. Mwenye jukumu la shehena ndiye aliyepata hasara jahazi likizama, hata kama dhoruba hakuileta yeye. Kwa hiyo jukumu linaweza kumfikia mtu ambaye hakuwaza baya wala hakulitenda kwa mkono wake. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Wizara ilikuwa dhamana yake, akaibeba. Mwaka 1985 akawa Rais, na mpaka leo watu wakizungumzia kuwajibika humtaja yeye.

Mjomba, nakuheshimu, na ninaamini kabisa kwamba ulitaka kuzirudisha zile fedha. Hiyo ilikuwa azma, na malipo yake yako kwa Mungu. Nia yako ni ile uliyokuwa nayo ulipokuwa unazihesabu noti dukani, nayo ilikuwa nia ya kununua bidhaa. Nia njema ni tabibu, ni kweli, lakini tabibu hufika kitandani pa mgonjwa. Michango ilikuwa jukumu lako tangu siku ulipoipokea, na bado tunakudai.

Nawe wifi, kile cha usiku ule kilikuwa khatiri. Usiseme ulimnuia. Sema lilinipitia moyoni, ndivyo Kiswahili kinavyosema, na kinasema sawasawa. Lilipokwisha kupita uliinuka ukawasha taa, ukamgeuza mama upande wa pili, ukampa dawa yake ya saa nane. Nia yako ya usiku ule ni hiyo.